Mwana wa Annonciata

Nani aliwadanganya wanaume kwamba aibu inaua haraka kuliko risasi? Huyo angeletwa Lewisville, huku Amerika, akaketishwa kwenye kochi la Placide, aone mtu aliyeikimbia aibu miaka kumi na sita amebaki na nini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani. Placide amevua viatu, amejinyoosha, kesho yake alikuwa na zamu ya alfajiri kwenye ghala la mizigo. Mkewe Annonciata yuko jikoni anakaanga vitunguu vya sombe, majani ya muhogo. Simu ya Annonciata ikalia. Ni Kezia, rafiki yake wa tangu kambi ya wakimbizi, ambaye siku hizi anaishi upande wa Houston na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Annonciata aliiweka simu kwenye spika, maana mikono ilikuwa na mafuta.

"Mama Dady, umekaa?" Kezia aliuliza.

"Niko napika. Sema tu."

"Kaa kwanza, mama."

Annonciata hakukaa. Kezia akavuta pumzi, akasema: "Kuna mzee hapa Sugar Land anaitwa Celestine. Figo zimekwisha, wanamsafisha damu mara tatu kwa juma. Jana kwenye maombi alisimama akatubu mbele ya watu wote. Alikuwa commandant wa wapiganaji wa bondeni. Anasema kuna vijana saba wa mlimani aliowazika yeye mwenyewe, na hataki kufa kabla hajawaambia wazazi wao wamelala wapi. Mmoja, mama, anasema alikuwa mrefu, na pengo hapa mbele, amevaa jezi ya mpira."

Mwiko ulianguka. Annonciata akapiga yowe moja tu, "Dady wangu!" halafu akaketi sakafuni, pale pale kwenye mafuta, akaanza kutikisa kichwa.

Na Placide je? Placide hakulia. Aliketi wima akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu, kama mtu mwenye mahali pa kwenda.

Dady alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikwenda vitani na miaka kumi na tisa, hakurudi. Na kwa kuwa kwao mzazi huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, awe hai au awe amekufa, mpaka leo Placide ni Baba Dady, kanisani, ghalani, hata kwa fundi wa magari. Kilio cha kijana huyo hakijawahi kuondolewa. Wazee wa kwao wanasema huondoi kilio cha mtu usiyejua amelala wapi. Basi Annonciata amekaa nacho miaka kumi na sita. Harusini anaketi viti vya nyuma anapiga makofi kwa adabu, hachezi. Nywele hasuki. Chini ya kitambaa chake cha kichwani kuna kitambaa kingine, cheusi, na hicho hakivui ila wakati wa kuoga. Alichokuwa anaomba kwa Mungu si kikubwa. Aonyeshwe mahali, aseme jina la mwanawe, alie, amalize.

Placide naye alikuwa na ombi lake, na lilikuwa kinyume na la mkewe.

Vita vya kwao, kati ya watu wa mlimani na watu wa bondeni, vilikuwa vya kijinga kama vita vyote, lakini vilikuwa vimebakiza adabu moja ya mababu. Kijana akikamatwa aliulizwa, "Wewe wa nani?" Akimtaja baba yake, baba alitafutwa, zamani kwa mjumbe, miaka hiyo kwa simu. Baba akisema, "Ni wangu," basi alipeleka mbuzi wawili mtoni na kijana akavushwa. Akisema si wake, kijana hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hufanywa watakavyo waliomshika.

Juma lile lile jirani yao mmoja alikuwa amesema "ni wangu," akarudishiwa mwanawe mzima mzima. Wanaume wa mlimani waliwacheka baba na mwana mpaka mbavu zikawauma, na aliyeanzisha kicheko alikuwa Placide. "Mama yake amkorogee uji," alisema, "halafu amfunge mgongoni!" Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Wanaume wale walichagua kilio, kila mmoja akiwa na hakika kitakwenda nyumba ya mwenzake.

Alhamisi jioni ikalia simu ya Placide. Walikuwa wanaume watano, simu imewekwa kwenye spika juu ya kigoda ili wote wasikie habari za vita. Mtu wa bondeni akasema, "Tuna kijana hapa. Anasema wewe ni baba yake. Ni wako?" Na kwa nyuma ikasikika sauti ya Dady: "Papa, ni mimi." Wale wanne wakamtazama Placide mdomoni. Jamani, neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa miaka miwili analiweza! Placide akakohoa, akasema kwa sauti ya mkutano, "Mwanangu hakamatwi akiwa hai. Huyo mliye naye si wangu." Wanaume wakampigia makofi.

Moyoni alikuwa amejipangia. Wenzake wakishalala, atatuma mtu kimya kimya, na mbuzi wanne badala ya wawili. Na alimtuma kweli, kulipokucha, maana wenzake walikaa kumsifu mpaka jogoo wa kwanza. Saa nne asubuhi mjumbe alirudi na mbuzi wote wanne.

Siku tatu baadaye kijiji kilichomwa, watu wakatawanyika. Wale wanaume wanne wamekufa wote, na mjumbe pia. Annonciata aliambiwa mwanawe alianguka mbele ya wenzake, bunduki mkononi, na ndivyo alivyomsimulia binti yao Orpa, na ndivyo Orpa alivyowasimulia wenzake shuleni. Kwa hiyo, kwa hesabu ya Placide, waliobaki duniani wanaojua lile neno la kwenye simu ni wawili tu. Mmoja amelala kwenye kochi Lewisville. Mwingine anasafishwa damu Sugar Land.

"Jumamosi tunakwenda," Annonciata alisema.

"Nina zamu."

"Utabadilishana na mtu."

"Matairi ya gari yamekwisha, Mama Dady. Na wagonjwa kama hao wanasema mengi. Dawa zinawachanganya."

"Baba Dady, kama hutaki kwenda, baki. Nitakwenda na Orpa."

Hapo ndipo alipokubali. Alifikiri, heri niwepo; mtu hutajwi vibaya mbele ya macho yako kirahisi kama ukiwa mbali. Hesabu ya mwoga hiyo, lakini ndiyo aliyokuwa nayo.

Orpa ndiye aliyeendesha. Ana miaka ishirini, anasoma chuo huko Arlington na mwisho wa juma hurudi nyumbani kufua. Walitoka saa kumi na moja alfajiri, wakapita katikati ya Dallas taa bado zinawaka, wakashika barabara ya kusini. Annonciata aliketi mbele na pochi yake mapajani. Ndani ya pochi alikuwa ameweka kanga mpya, bado ina gundi ya dukani, ya kufungia ramani ya mahali atakapoonyeshwa kama ipo, au ya kufungia udongo kama kuna mtu wa kuutuma. Hakujua. Alibeba tu.

"Papa, unalala?" Orpa aliuliza walipoipita Corsicana. "Ongea na mimi, nisisinzie. Nina paper ya Jumanne, inaniua."

"Ya nini?"

"Tunasoma zile tenzi za vita za Wagiriki wa kale. Natakiwa kuandika juu ya familia na heshima ya mashujaa. Yaani, kwa nini mtu anakwenda kufa ili baba yake asione haya."

"Wanasema nini?" Annonciata akauliza. Yeye kwa habari za mashujaa alikuwa na njaa, kwa sababu ya Dady.

"Mama, ungewapenda. Wakikutana vitani, kabla ya kurushiana mikuki, wanaulizana ukoo. Wewe wa nani, babu yako nani. Na kitu kimoja nimekigundua mwenyewe, professor amesema ni point nzuri. Mtu anatokea mstari mmoja tu, hujawahi kumsikia, anachomwa mkuki anakufa. Lakini hawamwachi hivyo. Lazima waseme ni mwana wa fulani. Wakati mwingine hata mama yake alimzalia kando ya mto gani. Hakuna anayekufa bila ya kuwa wa mtu."

"Hao walikuwa watu wenye adabu," Annonciata alisema, akaridhika.

"Na wakikamatwa?" Sauti ilitoka kiti cha nyuma. Placide mwenyewe hakujua kwa nini ameuliza. Mdomo huo ulikuwa umeshamponza mara moja, lakini haukujifunza.

"Wakikamatwa wanashika magoti ya adui. Wanasema, usiniue, baba yangu yuko nyumbani, ana shaba, ana dhahabu, atanikomboa."

"Na wanakombolewa?"

"Zamani, ndiyo, walikuwa wanakombolewa. Lakini kufikia pale shairi linapoanza vita vimekuwa vibaya, mtu anauawa bado anaomba." Orpa aliwasha taa ya kuonyesha anapinda, akalipita lori. "Lakini Papa, baba anayekataa kukomboa hayumo. Nimetafuta. Wako wanaochelewa. Anayekataa, sikumwona."

Placide aligeuza uso dirishani. Nje kulikuwa na ng'ombe weusi wamesimama kwenye umande, na bango la wakili wa ajali za barabarani. Alitamani gari liharibike. Alitamani tairi lipasuke, polisi wawasimamishe, apate mshtuko wa moyo, chochote. Gari la Orpa lilikuwa limetoka kubadilishwa mafuta, likaenda vizuri mpaka mlangoni.

Celestine aliishi kwa binti yake Carmel, nyumba ya matofali yenye nyasi zilizokatwa sawasawa. Walimkuta sebuleni kwenye kiti cha kulalia, blanketi miguuni ingawa nje kulikuwa na joto la kupika yai. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji pale wanapomchomeka mirija. Commandant huyo! Mtu aliyelaza kijiji kizima porini kwa hofu, sasa binti yake anamshikia kikombe. Placide alikuwa amejiandaa kumchukia, akakosa hata mahali pa kushika chuki hiyo.

"Ninyi ni wazazi wa yupi?" Celestine aliuliza baada ya salamu.

"Mwenye pengo," Annonciata alisema. "Mwenye jezi. Begani jezi ilichanika, nikaishona. Nilishona kwa uzi gani?"

Mzee alifumba macho. "Buluu. Jezi nyekundu, uzi wa buluu."

"Ni mwanangu," Annonciata akasema, akaanza kulia bila sauti.

Celestine akageuka taratibu, akamtazama Placide. Alimtazama kama unavyomtazama mtu uliyezungumza naye zamani kwa simu bila kumjua sura. Placide aliangalia zulia.

"Mimi niliamuru," Celestine alisema. "Sikufyatua mwenyewe, lakini amri ilitoka kwangu. Nimesema mbele ya kanisa, nasema na mbele yenu. Ilikuwa asubuhi."

"Alikuwa na bunduki mkononi?"

"Hapana, mama. Alikuwa ameketi. Risasi zilimwishia siku ya kwanza. Alikuwa ameketi ukingoni anatazama mto, upande wa kwenu."

Annonciata aliinama mbele kama aliyepigwa tumboni. Miaka kumi na sita moyoni mwake mwanawe alikuwa amekufa akiwa amesimama. Orpa alimshika mabega. Alipoweza kusema tena, aliuliza lile lililomleta: "Yuko wapi? Nitajie mahali. Nina ndugu bado wako kule, watakwenda hata kesho."

Mzee alimwita binti yake alete simu. Alikuwa ameagiza mpwa wake apige video mwezi uliopita, kabla hajaenda kutubu, ili asije mbele ya watu mikono mitupu. Orpa alishika simu ili mama yake aone. Kulikuwa na mto mwekundu kwa tope. Ukingo wote ulikuwa umechimbuliwa, mashimo juu ya mashimo, pampu zinanguruma, vijana uchi mpaka kiunoni wanachota mchanga kwenye karai wakitafuta dhahabu. Sauti ya mpwa ikasema, "Mjomba, palikuwa hapa. Hapajabaki kitu. Wanasema mifupa walikuwa wanaitupa majini."

Video iliisha, ikaanza tena yenyewe. Orpa akaizima.

Annonciata alifungua pochi, akaitazama ile kanga, akafunga pochi. Basi. Hicho ndicho alichosafiria. Halafu akainua uso, na Placide akajua kabla hajasema.

"Mzee, swali moja. Mlikuwa na desturi ya kuuliza baba. Sisi sote tulikuwa nayo. Mwanangu alijua namba ya baba yake kwa kichwa, nilimfundisha mimi kwa wimbo. Kwa nini hamkupiga simu?"

Celestine alimtazama tena Placide, na safari hii Placide naye alimtazama. Macho yake yalikuwa yanaomba. Kama angekuwa peke yake angepiga magoti kwenye zulia lile, angeshika miguu ile iliyovimba.

"Hakukuwa na réseau, mama," mzee akasema. "Tulijaribu, simu haikushika mtandao. Hatukumpata."

Mtu aliyetubu mbele ya kanisa zima, akamdanganya mama mmoja. Tena kwa huruma. Placide akashukuru, akajichukia kwa kushukuru.

Carmel akaleta chakula. Alikuwa amepika toka asubuhi, maskini: ugali wa muhogo, samaki, sombe yenye mawese. Akaweka mezani na maji ya kunawa. Hapo lazima ujue kitu kimoja, ambacho kila mtu chumbani alikijua, isipokuwa Carmel aliyekulia Amerika: kwao mtu hali katika nyumba ya aliyeua damu yake. Hanywi hata maji. Akila, amesema damu imekwisha, hadai tena.

"Aksanti mwanangu," Annonciata alisema, "hatutakula."

"Mzee mwenzangu," Celestine akamwambia Placide polepole, "karibu."

Haikuwa amri. Lakini Placide aliisikia kama ankara. Mtu huyu amekufunika uchi wako mbele ya mke wako na binti yako; utamwachia chakula chake kipoe? Na alikuwa na nini kingine cha kumpa? Akasogea mezani, akanawa mikono, akamega tonge, akachovya kwenye mawese. Alikula kwa kichwa kilichoinama, haraka haraka. Alipoinua macho, Annonciata alikuwa amesimama mlangoni na pochi yake, anautazama mkono wa mumewe wenye mafuta. Alimshika Orpa, wakatoka nje garini.

Placide aliaga. Celestine hakuuachia mkono wake.

"Kuna neno sikulisema mbele ya mama," mzee alinong'ona. "Kijana alikusikia kwenye simu. Sisi tulicheka. Yeye alisema, 'Papa kasema hivyo kwa sababu ya watu. Anakuja. Kabla ya asubuhi atakuwa amekuja.' Alikaa pale ukingoni anangojea. Nami nilingoja mpaka jua likatoka kabisa. Zaidi ya hapo vijana wangu wangeniona mwoga."

Placide alitaka kusema alituma mbuzi, wanne, walikuwa njiani. Aliona jinsi maneno hayo yatakavyokuwa, akayameza. Akautoa mkono wake, akatoka.

Annonciata alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Basi Placide akaketi mbele, na walikwenda hivyo, redio imezimwa, wakaivuka Houston na foleni zake, wakaingia penye misonobari. Kufika karibu na Huntsville ndipo Annonciata alipozungumza.

"Ulikula."

"Njaa ilinishika, Mama Dady. Hatukunywa chai."

"Njaa." Aliirudia kama mtu anayeonja chumvi. "Miaka kumi na sita mimi sijacheza ngoma, wewe leo njaa imekushika kwenye nyumba ile. Mtu halipi asichodaiwa. Yule mzee alikuuzia nini?"

"Hakuna kitu."

"Mnara wa simu ulikuwa juu ya kilima chetu, Placide. Juu ya vichwa vyetu. Mbuzi walikuwa wanalala chini yake. Réseau ilikosekana lini?"

Alikuwa amemwita Placide. Katika ndoa ya miaka thelathini na nane, tangu Dady azaliwe, hakuwahi kumwita hivyo. Orpa naye alisikia, maana gari liliyumba kidogo.

"Simu ililia?" Annonciata akauliza.

Angeweza kusema hapana. Mzee alishamtengenezea njia, alichotakiwa ni kupita tu. Lakini mtoto aliyemngojea ukingoni alikuwa amekaa naye mle garini, na Placide hakuwa na nguvu tena.

"Ililia."

"Ukasema nini?"

"Watu walikuwa wengi, Mama Dady. Iliwekwa kwenye spika. Nilitaka baadaye…"

"Sikuulizi watu walikuwa wangapi. Ulisema nini?"

"Nilisema si wangu."

Hakulia. Hakumpiga, na angempiga Placide angeshukuru. Orpa ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti, kama mtoto mdogo, akasimamisha gari pembeni mwa barabara na magari makubwa yakawa yanapita yakilitikisa. "Papa," alisema, "Papa, no. No." Placide alimwekea mkono begani, Orpa akautoa kwa kujipinda. Walikaa pale mpaka alipoweza kuendesha tena. Walifika Lewisville jua halijazama, kila mmoja akaingia ndani peke yake.

Jumatatu Annonciata aliomba ruhusa kazini, akatangaza kwamba anaondoa kilio. Mahali hapapo na hapatakuwapo, alisema, basi mimi ndiye mahali pake. Alilala kwangu miezi tisa. Jumamosi ijayo watu wakusanyike, wale, waimbe, waende. Akavua kile kitambaa cheusi, akakifua, akakianika kwenye kiti cha baraza.

Orpa hakurudi chuoni siku hiyo. Aliketi na kompyuta kwenye meza ya jikoni akitengeneza lile tangazo wanalotumiana kwenye vikundi vya simu: picha ya marehemu, msalaba, maua ya pembeni, anwani ya ukumbi. Picha waliyokuwa nayo ni moja tu, Dady anacheka na pengo lake. Placide alikuwa amerudi kutoka kazini mapema, amesimama karibu na friji na fulana yake ya ghalani, hakuna aliyemwambia aketi wala aondoke.

"Mama," Orpa aliuliza bila kuinua kichwa, "niandikeje? Mwana wa…?"

"Mwana wa Annonciata."

Vidole vya Orpa vilisimama. "Na?"

"Weka nukta."

Placide alisogea hatua moja. Lile neno fupi likampanda kooni, lile ambalo hata mtoto wa miaka miwili analiweza, na safari hii likatoka. "Ni wangu," alisema. Akasema tena, kwa sauti ya kupasuka, mikono imeshika meza, "Ni wangu, Mama Dady. Ni mwanangu."

Annonciata alimgeukia. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Sasa unamwambia nani?" aliuliza. Halafu akasema, "Placide, sogea, unamzibia mtoto mwanga. Orpa, tuma."

Orpa akafuta macho kwa kiganja, akatuma. Tangazo likaenda kwa watu wa Dallas na Fort Worth, kwa watu wa Houston, kwa waliobaki kambini. Simu ya Annonciata ikaanza kulia, ya Orpa ikafuata. Kisha ikalia na ile iliyokuwa mfukoni mwa Placide.